Msichana wa Dirisha la Pili

Karakana ya mawe ya makaburi ilikuwa nyuma ya nyumba, na kati yake na jiko palikuwa na kamba ya nguo tu. Ndiyo maana mashati ya nyumba ile hayakuwahi kuwa meupe sawasawa. Vumbi la jiwe lilikaa kwenye kope, kwenye shuka, na ukichelewa kuinywa, hata kwenye chai. Mwenye karakana, Mzee Patasi, alizoea kusema kwamba akifa wasisumbuke kumchongea jiwe. Wammwagie maji tu, atagandamana mwenyewe.

Mkwe wake aliitwa Kitufe. Jina hilo alipewa na mumewe mara tu walipooana, alipoanza kukaa kwenye kompyuta ya karakana. "Mke wangu hafanyi kazi," mume aliwaambia watu, "anabonyeza kitufe tu." Utani ukaota mizizi, mpaka wateja wakawa wanaulizia, "Kitufe yupo?" Mume mwenyewe hakuwepo tena. Ini lilikuwa limemla taratibu, macho yakageuka njano, na mwaka uliotangulia walimzika. Kitufe akabaki na baba mkwe, karakana, na programu.

Programu ile aliitunga mumewe, kwa lugha ya kompyuta za mezani ya zamani ambayo vijana wa siku hizi wakiisikia hucheka. Ilikuwa na madirisha mawili. Katika la kwanza Kitufe aliweka picha ya marehemu iliyoletwa na ndugu zake. Aliondoa pazia, ukuta na mabega ya watu wengine, akapaka weusi mtupu kuzunguka kichwa. Kisha alibonyeza NAKILI, na picha ikahamia dirisha la pili, lililoandikwa JIWE. Kilichokuwamo katika dirisha la pili ndicho mashine ilichokichora. Sindano ngumu ilishuka juu ya jiwe jeusi lililong'arishwa, ikadonoa kama kuku kwenye mtama, na kila ilipodonoa ikaacha alama nyeupe. Alama zikikusanyika, uso unatokea. Watu walitoka mbali kufuata nyuso hizo. Wengine walizungumza nazo kabla hata jiwe halijapakiwa garini.

Mvua za kwanza zilipokwisha kunyesha, ilikuja pikapu ikiwa na jiwe mgongoni. Walishuka kaka na dada yake.

"Nyie mmetuuzia jiwe la watu wawili," kaka alianza, hata salamu hakutoa.

"Karibuni kwanza," Kitufe akasema. "Sijakuelewa, kaka yangu."

"Utaelewa. Hebu lishusheni."

Lilikuwa jiwe la mama yao. Kitufe alikumbuka uso ule: mama mnene, mwenye tabasamu la mtu anayejua chungu kimeungua na hajali. Jiwe lilikuwa safi, na hakuona kasoro yoyote.

"Mwagia maji," kaka alimwambia dada yake.

Dada alichota kopo kwenye pipa la kupozea misumeno, akamwaga juu ya jiwe, kisha akaliinamisha kidogo kuelekea jua. Jiwe likawa jeusi tii. Na nyuma ya bega la kushoto la yule mama, taratibu kama mtu anayetoka chumba chenye giza, akatokea msichana mdogo. Kola ya shule. Nywele zilizogawanywa mafungu mawili. Masikio yaliyotoka nje kama vishikio vya sufuria. Alikuwa amefifia, lakini macho yake yalimtazama aliyemtazama.

Kitufe alirudi nyuma hatua moja.

"Mimi ndiye kitinda mimba," kaka akasema. "Mama hakuwa na binti mwingine. Tulienda kumwombea baada ya mvua, tukamkuta na mgeni. Shangazi yangu alipomwona alianguka pale pale."

"Au ni wa baba," dada akasema kwa sauti ya chini.

"Wewe usianze tena."

Mzee Patasi alitoka ndani akifuta mikono kwenye aproni. Alikuwa mtu wa kubishana. Mteja akisema jiwe limepinda, alimwambia ni shingo yake iliyopinda. Safari hii alisimama, akaangalia jiwe lililolowa, na mikono yake ikaacha kufuta.

"Lirudisheni ndani," akasema. "Nitawachongea jingine. Jipya kabisa."

Akageuka, akaingia nyumbani bila kunawa, na akafunga mlango wa chumba chake.

Kitufe alibaki na masikio yale kichwani. Alikuwa ameyaona kila asubuhi katika miaka yote ya ndoa yake, kwenye mto wa pili. Mumewe alikuwa na masikio hayo hayo, na walipokuwa wachumba alimtania kwamba upepo ukivuma atapaa. Sasa mwanamke huyu aliyemuuguza mume mpaka pumzi ya mwisho, aliyemfunga kidevu kwa kitambaa chake mwenyewe, alikaa kwenye kiti cha karakana akihesabu upya safari zote ambazo mumewe alichelewa kurudi. Kumwonea wivu aliye hai kuna dawa. Utamuuliza, mtagombana, yatakwisha. Wivu juu ya maiti hauna pa kwenda.

Kesho yake alimwita Miwani, rafiki wa mumewe tangu shule, aliyekuwa akifundisha kompyuta chuoni. Alikuja na begi lake, akakaa, akapuliza vumbi kwenye kibodi.

"Shemeji, hii mashine inahitaji mazishi."

"Miwani, kabla hujafungua chochote. Mume wangu alikuwa na mtoto wa nje?"

Miwani alivua miwani yake, jambo ambalo hulifanya akitaka kuaminiwa. "Shemeji, nakuapia. Kama alikuwa naye, alinificha na mimi."

Alifungua msimbo wa programu, yale maandishi yanayoiendesha, na kuanza kusoma, midomo ikitembea kimya. Kitufe alimsimamia mgongoni. Baada ya muda Miwani akaacha kusoma.

"Unaposema picha inahamia dirisha la pili," akasema, "kwa kweli haihami. Inanakiliwa. Na kunakili kuna namna nyingi. Namna moja ni kufunika: kama unatandika blanketi juu ya kitanda, kilichokuwa chini hakionekani tena. Nyingine ni kuchanganya. Hiyo ni kama kutandika chandarua. Palipo na mwanga kwenye picha yako, mwanga unakaa. Palipo na weusi, kilicho chini kinapenya."

"Na mimi ninapaka weusi kuzunguka vichwa."

"Ndiyo. Kwa hiyo pembeni ya vichwa vyote unaacha matundu ya chandarua." Aliweka kidole kwenye kioo. "Hapa mwanzo paliandikwa kufunika. Neno limebadilishwa. Sasa ni kuchanganya."

"Limebadilishwa na nani?"

"Kuna mtu mwingine aliyekuwa akigusa humu?"

Hakuwepo. Miwani alimwonyesha tarehe ya badiliko hilo, na Kitufe alikumbuka mwezi ule vizuri. Ndio mwezi ambao mumewe alishikilia kwamba lazima wanunue sindano mpya, nyembamba. Sindano ya zamani ilikuwa butu, ilidonoa mwanga mkali tu. Macho yake yalikuwa yameshageuka njano wakati huo, na Kitufe alimwambia dawa kwanza, sindano baadaye. Alimjibu, "Dawa hazitanifikisha mwisho wa kazi hii."

"Na chini kuna nini?" aliuliza. "Hicho kinachopenya?"

Dirisha la pili, likifunguliwa, lilionekana tupu. Lilikuwa jeusi, na Kitufe alilizoea hivyo. Miwani alitafuta ndani ya programu, akapata picha ndogo iliyofichwa katika dirisha lenyewe, sio katika faili la nje. Ilikuwa imetiwa giza kiasi kwamba kioo kile kikuukuu hakikuweza kuionyesha. Sindano mpya tu ndiyo iliyoiona. Miwani aliiongezea mwanga kidogo kidogo. Kwanza ikaonekana kola. Kisha nywele. Kisha macho.

Miwani alisogeza kiti nyuma. "Sijawahi kumwona," akasema, na sauti yake ilikuwa ya mtu aliyeingia nyumba ya watu bila hodi. "Shemeji, amekuwa humo muda wote unapofanya kazi. Kila uliyemchora, amesimama nyuma yake."

Kitufe hakulia. Alienda kugonga mlango wa baba mkwe.

"Baba, naomba uje uone kitu."

"Nimeshaona."

"Basi njoo uniambie."

Mzee alikuja. Miwani alitaka kuondoka, lakini mzee alimpungia mkono akae. Alikaa mbele ya kioo, magoti yakigusa meza, akamtazama yule msichana kwa muda mrefu mpaka kioo kikazimika chenyewe na Kitufe akalazimika kukigusa kipanya ili kiwake.

"Huyu ni wifi yako," akasema. "Tulimwita Chiriku, kwa sababu alikuwa hanyamazi. Hata usingizini aliongea. Mumeo alilala naye kitanda kimoja, na kila asubuhi alikuja kutushtakia kwamba hakulala kwa maneno ya mdogo wake."

"Mume wangu alikuwa mtoto wa pekee."

"Ndivyo tulivyokuambia."

Chiriku alikuwa amemaliza mwaka wake wa kwanza wa shule. Homa ilianza mchana, shingo ikakakamaa, na usiku huo huo hospitali ikawarudishia mwili. Mama yake alishindwa. Kila jina lilipotajwa alianguka, akakaa siku nyingi bila kula. Basi mzee akapiga marufuku jina. Akachoma nguo, akachoma picha, akidhani anaziba kidonda. Mama mwenyewe hakumaliza mwaka wa pili. Alipokufa hakukuwa tena na sababu ya kunyamaza, lakini kimya kilikuwa kimeshakaa ndani ya nyumba kama kabati zito. Hakuna aliyekumbuka nani alilileta na hakuna aliyejaribu kulisogeza.

"Na jiwe lake?" Kitufe aliuliza.

Mzee alicheka, kicheko kibaya. "Mganga hajigangi. Nimewachongea watu wa mji mzima. Wa kwangu ana matofali manne. Kila nikishika patasi, mkono unagoma. Nikasema mwakani. Mwakani ikawa nywele nyeupe." Alinyoosha kidole akaligusa shavu kwenye kioo, akaacha alama ya vumbi. "Sikujua kaka yake aliificha picha moja. Alikuwa na miaka tisa. Aliificha wapi, muda wote huo?"

Kitufe aliona aibu kwa mambo aliyoyawaza tangu jana, na chini ya aibu palikuwa na hasira, nayo ilikuwa mpya.

"Kwa nini hakuniambia mimi?"

"Katika nyumba hii?" mzee akasema. "Angeanzia wapi?"

Asubuhi yake walikwenda makaburini, mzee, Kitufe na Miwani, na ndoo tatu. Walitaka kujua Chiriku amefika wapi. Walianza na mawe yaliyochongwa baada ya sindano mpya, ambayo Kitufe aliyakumbuka yote kwa nyuso. Mzee mwenyewe ndiye aliyemwaga maji. Alimwaga juu ya jiwe la dereva mmoja, akasubiri, na Chiriku akatokea nyuma ya bega la dereva. Alimwaga juu ya jiwe la mkunga, alikuwepo. Kwenye jiwe la mapacha waliokufa pamoja alisimama kati yao, kama vile wamemwita wacheze. Mzee alitembea kutoka kaburi hadi kaburi akizidi kuharakisha, maji yakimlowesha suruali, na kila alipoinama alisema kwa sauti ndogo, "Hata hapa? Hata hapa, mama?"

Miwani alikuwa ameacha kusaidia. Alisimama njiani na ndoo yake tupu, akitazama chini.

Karibu na ukuta palikuwa na bibi mmoja aking'oa magugu kwenye kaburi la mumewe. Alipowaona wakilikaribia alinyoosha mgongo.

"Nyie ndio wenye yule mtoto?"

Kitufe alianza kuomba radhi. Alieleza kwamba ni kosa la programu, kwamba jiwe litabadilishwa, kwamba wao wenyewe hawakujua. Bibi alimsikiliza mpaka mwisho, maana alikuwa na adabu.

"Nimemwona tangu mvua ya kwanza," akasema. "Nilidhani macho yangu. Nikarudi siku ya pili, yupo. Nikamwambia mume wangu, 'Wewe mzee, umeanza kuokota watoto huko?'" Alicheka peke yake. "Hatukujaliwa mtoto, mwanangu. Huyu mwacheni. Mume wangu hakupenda kukaa peke yake."

Mzee Patasi aligeuka upande mwingine, akajifanya anatafuta kifuniko cha ndoo, nayo ilikuwa haina kifuniko.

Kaburi la mwisho walilifikia jua likiwa limepanda. Lilikuwa la mumewe. Kitufe mwenyewe ndiye aliyeibonyeza picha ile, lakini mume aliitayarisha kwa mkono wake akiwa bado anaweza kukaa. Aliipangia kichwa chake upande wa kulia kabisa, kimeinama kidogo, na upande wa kushoto akaacha weusi mkubwa. Kitufe alimwambia picha imekaa vibaya, imeegemea upande mmoja. Alitaka kuisogeza. Mume alikataa, na kwa vile alikuwa anakufa, Kitufe hakubishana.

Alichukua ndoo kutoka mkononi mwa baba mkwe na kumwaga maji yeye mwenyewe.

Chiriku alitokea katika ile nafasi. Hapa hakuwa nyuma ya mtu. Kichwa cha kaka kilikuwa kimeinama kuelekea kwake, sikio lake likiwa karibu na mdomo wa msichana, kama anayesikiliza jambo refu asilotaka kulikatiza. Walikuwa na masikio yale yale, manne kwa mstari. Kitufe alielewa kwamba mumewe alikuwa akijaribu na kujaribu mpaka apate hiyo, na kwamba dereva, mkunga, mapacha na yule mama mnene walikuwa mazoezi.

Maji yalipokauka, msichana aliondoka na mume akabaki akisikiliza weusi.

"Mwagia tena," mzee alisema.

Alimwagia tena. Walifanya hivyo mpaka ndoo zote zikaisha.

Wakirudi nyumbani mzee alisema lile ambalo Kitufe alikuwa akiliogopa. "Programu isiguswe. Iache hivyo hivyo."

"Hapana, baba."

"Ni mtoto wangu."

"Ni mtoto wako, na ni wifi yangu. Lakini makaburi ya watu si ukuta wetu wa kutundikia picha. Yule shangazi ameanguka. Wapo wanaofikiri baba zao walikuwa na watoto wa siri. Nimelala usiku mmoja na wazo hilo, baba. Usimtakie mtu."

Walipokaribia nyumba mzee alimgeukia. "Umekuwa na mdomo," akasema.

"Nimeolewa humu. Nimejifunza kubishana kwa mwenyewe."

Miwani alilirudisha neno mahali pake siku hiyo hiyo. Kitufe alimwomba aitoe picha ile katika dirisha la pili na kuihifadhi kwingine, kisha akatazama wakati dirisha linafunguliwa. Lilikuwa jeusi kama siku zote. Kwa macho hakukuwa na tofauti hata kidogo kati ya dirisha lenye msichana na dirisha lisilo naye, na jambo hilo lilimsumbua kuliko yote. Kwa wiki kadhaa, kabla ya kubonyeza NAKILI, alijikuta akisubiri kidogo, kama mtu anayempisha mwingine mlangoni.

Walizitembelea familia moja moja. Wengine walitaka jiwe jipya na wakachongewa. Wengine walikuwa hawajaona chochote na walipoonyeshwa waliomba dua, wakafunga mjadala. Mama wa wale mapacha aliuliza kama yule msichana alikuwa mpole. Mzee akamwambia hapana, alikuwa msumbufu sana, na mama yule akasema basi ni sawa, na wanawe walikuwa hivyo hivyo. Jiwe la kaka na dada lilikuwa la kwanza kutoka. Kaka alilimwagia maji mara tatu mbele ya Mzee Patasi, akalikagua kila upande, na mzee hakusema neno juu ya shingo ya mtu.

Kazi ya jiwe la Chiriku haikupitia kwenye mashine. Picha ilikuwa ndogo mno; ikikuzwa, uso uligeuka miraba miraba. Mzee alichukua patasi na nyundo, akafungia mlango wa karakana, na Kitufe akaacha kuanika nguo upande ule kwa sababu ya vumbi. Ilimchukua muda mrefu, maana mikono ilikuwa imezeeka na alikuwa akiiacha kazi mara kwa mara. Hakujaribu kuchonga uso. Alichonga jina, lile la nyumbani, kwa sababu alisema lile jingine hakuna aliyewahi kumwita nalo akaitika. Walilipeleka kwenye kaburi lake juu kilimani, wakaondoa yale matofali.

Tangu hapo mzee hakunyamaza. Alimtaja Chiriku akinywa chai, akinoa patasi, akimpimia mteja jiwe. Chiriku na jino lake lililong'oka shuleni. Chiriku alivyomfundisha kuku kupanda ngazi. Kuna siku Kitufe alichoka, na akatamani kimya kile cha zamani kirudi hata kwa nusu saa. Mtoto ambaye alikuwa amefichwa katika dirisha moja sasa alikuwa katika kila chumba. Usiku, kitandani, Kitufe alijikuta amelala upande mmoja, na upande wa pili akauacha wazi.

Miezi ikapita. Siku moja alikuja mwanamke kuleta picha ya baba yake, na wakati Kitufe akisafisha ukuta na pazia kutoka kwenye picha ile, mwanamke yule, ili tu asilie, akaanza maswali ya kawaida. Ameolewa wapi, ana watoto, ana wakwe.

"Baba mkwe tu," Kitufe akasema. "Ndiye huyo unayemsikia anaongea huko nje."

"Na mawifi?"

"Mmoja."

"Mnaelewana?"

Kitufe alibonyeza kitufe, na uso wa mzee mgeni ukajaa katika dirisha la pili.

"Mdogo bado," akasema. "Lakini anaongea sana."